Fosi akaunti au mkandarasi: halmashauri ya mji ijenge kwa njia ipi?

Fedha zimeingia: shilingi milioni 80 za madarasa manne. Mkurugenzi anataka msingi uanze kuchimbwa wiki ijayo. Mhandisi ana gari moja na kata kumi na mbili za kuzungukia. Diwani alishawaambia wazazi kwamba Januari watoto wa kidato cha kwanza hawatasomea chini ya mwembe. Na afisa ununuzi, ambaye ndiye atakayekaa mbele ya mkaguzi, ana swali moja tu: tunatangaza zabuni tumpate mkandarasi, au tunakwenda kwa fosi akaunti, yaani tununue vifaa na kuwalipa mafundi wenyewe?

Katika halmashauri za miji ya Tanzania, kuanzia Masasi mpaka Tarime, Korogwe mpaka Tunduma, swali hili hurudi kila mwaka wa fedha. Ninamwandikia diwani anayetakiwa kuinua mkono, mjumbe wa kamati ya ujenzi aliyeteuliwa jana bila semina yoyote, na mwananchi apitaye kila asubuhi mbele ya boma lisilo na paa akijiuliza lilikwama wapi. Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi ya vifaa katika shule ya sekondari ya kata yetu, na mengi ya hapa chini niliyajulia pale, daftari mkononi, nikihesabu mifuko ya saruji juani.

Niseme mapema ninakosimama. Wengi huchagua njia kwa kutazama bei. Bei ina uzito wake, lakini inapotosha kuliko kigezo kingine chochote. Cha kuuliza kwanza ni nani atabeba hasara kazi ikiharibika, na kama yupo mtu mwenye ujuzi atakayeiona nondo kabla haijafunikwa na zege.

Njia zenyewe

Kwa mkandarasi, halmashauri inanunua jengo zima. Idara yenye mradi inaeleza inachotaka, kitengo cha ununuzi kinaandaa nyaraka za zabuni, tangazo linawekwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki ulioanza 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Wazabuni wanaomba humo humo. Kamati ya tathmini inawapima, bodi ya zabuni inaidhinisha, kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anakaribia kupewa kazi, linatolewa ili mwenye malalamiko ayaseme, kisha mkataba unasainiwa. Anayepewa kazi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, inayowapanga katika madaraja saba, la kwanza likiwa la wenye uwezo mkubwa kuliko wote. Saruji, mafundi, mlinzi wa usiku na makosa yote ni juu yake.

Kwa fosi akaunti, halmashauri hainunui jengo. Inanunua saruji, nondo, mbao, bati na misumari, halafu inamlipa fundi ujira wa mikono yake. Mara nyingi fedha huingia kwenye akaunti ya shule au zahanati, na jamii kupitia kamati zake inakuwa ndiyo mjenzi.

Sheria haikukusudia fosi akaunti iwe njia ya kila siku. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na kanuni zake za 2013 ziliiruhusu pale ambapo kazi ni ndogo na zimetawanyika, au ziko mbali kiasi kwamba makandarasi wenye sifa hawatarajiwi kuziomba kwa bei ya maana. Pale kazi inapotakiwa ifanyike bila kusimamisha shughuli zinazoendelea. Pale hatari ya kazi kukatizwa ni afadhali ibebwe na taasisi kuliko mkandarasi. Na penye dharura. Sheria inayotumika sasa ni ya 2023, iliyoanza kazi 2024 pamoja na kanuni mpya, na hizo ndizo za kufungua kabla ya kikao ili kujua ukomo wa fedha na masharti yaliyopo leo. Hata hivyo ile orodha ya zamani bado inapima vizuri. Darasa moja katika mtaa wa pembezoni mwa mji, ng'ambo ya mto, linaingia humo bila kusukumwa. Stendi ya mabasi iliyo katikati ya mji haiingii hata ukiisukuma.

Bei, na kile kisichoandikwa kwenye bei

Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kukabili athari za Uviko-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazoshikiliwa na shule mama. Darasa lilipangiwa shilingi milioni 20, na kazi ikafanywa na mafundi wa mitaani chini ya kamati za shule. Mwaka uliofuata zikatoka shilingi bilioni 160 za madarasa 8,000, kwa bei ile ile ya milioni 20. Aliyeona misururu ya malori ya tofali miezi ile hawezi kusema fosi akaunti haifanyi kazi. Ilifanya kazi, tena nchi nzima kwa wakati mmoja, na hakuna zabuni ambayo ingewahi Januari.

Unafuu wake unatoka wapi? Kwanza, hakuna faida ya mkandarasi wala gharama za ofisi yake. Pili, mkandarasi aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani anatoza asilimia 18 juu ya bei yote, ufundi na faida vikiwemo. Fundi wa mtaani hatozi. Tatu, nguvu za wananchi: kuchimba msingi, kusomba mawe, kuleta maji. Nne, mkandarasi huweka kwenye bei yake hofu ya kuchelewa kulipwa, na hofu hiyo si ya kubuni.

Sasa upande ambao hauandikwi. Mwalimu mkuu akizunguka madukani siku tatu kutafuta bei za kulinganisha, kuna vipindi havikufundishwa. Mafuta ya gari la mhandisi yanatoka kwenye kasma nyingine, yaani fungu jingine la bajeti, kwa hiyo hayaonekani kwenye gharama ya darasa. Vifaa hununuliwa kidogo kidogo, kwa bei ya rejareja, na kila safari ina lori lake. Mifuko iliyobaki huganda stoo. Mradi ukiisha fedha kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, pengo linazibwa na michango ya wazazi au linabaki boma. Nimewahi kujumlisha hivi vyote kwa mradi mmoja tulioujenga sisi wenyewe. Bado tulikuwa chini ya bei ya mkandarasi, lakini ule ushindi tuliokuwa tukijisifia kwenye mkutano wa kata ulikuwa umepungua sana.

Upande wa Kenya kuna mfano wa kuuweka kando ya huu. Madarasa ya mtaala mpya wa umahiri, CBC, yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa 2021 yakilenga kufika 10,000, yalipewa wakandarasi wadogo wa eneo husika badala ya kamati za shule kununua saruji, na waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, alizunguka nchi akiyakagua mwenyewe. Nayo yalijengwa haraka. Kilio kilichosikika huko kilikuwa cha wakandarasi waliomaliza kazi wakasubiri malipo, kwa hiyo mzigo uliangukia bega jingine.

Nani anabeba hasara

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa, na hapa ndipo ninaposikitika kuona vikao vinapita mbio.

Mkandarasi akikosea, halmashauri ina vya kushika mkononi. Ina dhamana ya utendaji, hati ya benki au bima inayoilipa halmashauri mkandarasi akishindwa kazi. Ina fidia ya ucheleweshaji iliyoandikwa kwenye mkataba. Ina fedha za matazamio, zile zinazozuiliwa katika kila hati ya malipo na kutotolewa mpaka kipindi cha matazamio kiishe na kasoro zirekebishwe. Sakafu ikipasuka miezi mitatu baada ya makabidhiano, mhandisi anaandika barua na mkandarasi anarudi na tindo. Asiporudi, halmashauri inatumia zile fedha kumlipa mwingine. Na akifanya ujanja mkubwa, anaweza kufungiwa asishiriki zabuni za umma.

Kwa fosi akaunti, sakafu ikipasuka ni sakafu yenu. Saruji mliinunua wenyewe, mchanga mliuchagua wenyewe, zege mlilikubali wenyewe. Fundi atasema kweli tupu akikwambia, "Mwenyekiti, mimi nilijenga kwa vifaa mlivyoniletea." Mara nyingi hata mkataba wa maandishi hana, au anao wa ukurasa mmoja usiotaja kasoro kabisa.

Nitoe mfano wetu. Makadirio yalisema bati za geji 28. Zilizoshushwa zilikuwa za geji 30, nyembamba zaidi, na jua lilikuwa linazama na dereva anataka kurudi mjini. Tulikuwa wajumbe watatu. Hakuna aliyekuwa na kifaa cha kupimia, na maandishi yaliyogongwa kwenye bati tuliyasoma kesho yake. Tulisaini. Upepo wa masika ulipobandua bati kadhaa juu ya chumba cha pili cha darasa, muuzaji alitoa ile karatasi yenye sahihi zetu, na hapo mjadala ukaisha. Bati zilinunuliwa upya kwa fedha za matengenezo ambazo zilipangiwa vyoo vya wasichana.

Tangu siku ile ninawaambia wajumbe wapya kwamba sahihi ya kamati ya mapokezi ndiyo dhamana pekee iliyopo katika fosi akaunti. Hakuna benki nyuma yake wala bima. Kuna watu watatu au watano na kalamu. Kama nondo ziliagizwa za milimita 12 na zimekuja za milimita 10, hakuna kusaini. Kama lori limefika usiku, vifaa vilale vikilindwa na vihesabiwe asubuhi.

Kamati tatu

Kwa kawaida shule huunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Maana ya kuzitenganisha ni kwamba anayechagua duka asiwe yule anayepokea mzigo, na wote wawili wasiwe wale wanaomsimamia fundi. Mpangilio ni mzuri. Katika kata ndogo huharibika kwa sababu ya kawaida kabisa: watu wanaojua kusoma makadirio na wenye muda ni wachache, basi mwalimu huyo huyo anaonekana kwenye manunuzi na kwenye mapokezi, au mtendaji anakuwa kila mahali.

Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imekuwa ikirudia mambo yale yale kuhusu miradi ya namna hii: manunuzi bila ushindani, vifaa visivyopita kamati ya mapokezi, malipo bila risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, usimamizi hafifu wa wahandisi, majengo yasiyokamilika huku fedha zimeisha. Tatizo la risiti linawaumiza watu wasio na hatia. Duka lililo jirani na shule lina mchanga mzuri na bei nafuu lakini halina mashine. Duka la mjini lina mashine na bei ya juu. Mwalimu anayenunua jirani ili kuokoa fedha za umma ndiye anayeandikiwa hoja ya ukaguzi. Dawa ni kulijua hili kabla, siyo wakati wa kujibu hoja: wauzaji wenye mashine na waliomo kwenye NeST wajulikane mapema, na kwa mchanga, kokoto na mawe kamati ielezwe na mweka hazina nyaraka zinazokubalika.

Nidhamu ya mfumo imeanza kufika hata huku chini. Shule na zahanati zinatakiwa kufanya ununuzi wao kwa NeST badala ya mwalimu kubeba bei tatu zilizoandikwa na mkono mmoja. Ninaunga mkono, na ninaomba halmashauri zikubali kwamba mwalimu mkuu asiye na kompyuta inayofanya kazi wala mtandao wa uhakika anahitaji afisa ununuzi akae naye siku nzima, siyo kumtumia waraka.

Mkandarasi naye

Nisieleweke vibaya. Nimeona makandarasi wakiacha msingi uote majani.

Ugonjwa wa kwanza ni bei ya chini kupita kiasi. Kampuni ya daraja la saba inayotaka kazi yake ya kwanza huandika bei ambayo hata saruji haiwezi kununua, kamati ya tathmini inaogopa kuikataa kwa sababu mkaguzi atauliza kwa nini wa bei nafuu aliachwa, na miezi minne baadaye eneo la ujenzi lina mlinzi tu. Kamati ina haki ya kumtaka mzabuni aeleze kila bei isiyo ya kawaida, na kama maelezo hayasimami, kumweka kando kwa sababu zilizoandikwa. Woga wa kutumia haki hiyo umeziponza halmashauri nyingi.

Ugonjwa wa pili unatoka upande wa halmashauri yenyewe. Mji unaotegemea ushuru wa mazao hauna fedha Februari kama ulizonazo msimu wa kuvuna. Mkandarasi mdogo anamaliza hatua ya lenta, hati ya malipo inaandikwa, na analipwa baada ya miezi. Alikopa. Mafundi wake wameondoka. Anaporudi bei ya nondo imepanda, na anaomba nyongeza. Halmashauri inayojua mapato yake yanakuja kwa msimu isisaini mkataba unaodai malipo ya kila mwezi, hata kama bajeti kwenye karatasi inatosha.

Wa tatu ni muda. Mwenye malalamiko akipinga tuzo, jambo linaweza kufika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na mradi husubiri. Hiyo ni haki, na halmashauri isiyotaka kusubiri iandae nyaraka zisizo na utata. Ila kwa fedha zilizoingia Mei, zikitakiwa zitumike kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni, zabuni ya wazi inageuka mbio za sakafuni. Ndiyo maana fosi akaunti nyingi huchaguliwa kwa sababu ya kalenda, bila mtu kusema hivyo kwenye muhtasari.

Baraza la Madiwani linaingia wapi

Wananchi wengi hudhani diwani ndiye anayegawa zabuni, na madiwani wengine hawajisumbui kuwasahihisha. Diwani si mjumbe wa bodi ya zabuni. Bodi huteuliwa na mkurugenzi, ambaye ni afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha za halmashauri, na wajumbe wake ni watumishi. Diwani akimpigia simu afisa ununuzi kumwombea kampuni fulani, amevuka mpaka. Na mwenye duka la vifaa vya ujenzi akichaguliwa kuwa diwani, jambo la kufanya ni kutangaza maslahi yake na kukaa mbali na miradi inayonunua humo, hata kama saruji yake ndiyo nafuu kuliko zote katika kata.

Lakini hiyo haimwachi diwani mikono mitupu. Baraza ndilo linalopitisha bajeti, na miradi inayoingia kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka inatokana na bajeti hiyo. Kwa hiyo swali la "fosi akaunti au mkandarasi" linapaswa kuulizwa miezi ya mwanzo wa mwaka, bajeti ikiwa mezani, siyo Juni. Kamati ya Fedha na Uongozi inapokea taarifa za mapato na matumizi, inatembelea miradi, na inaweza kumtaka mkurugenzi aeleze kwa nini njia fulani ilitumika. Mkutano wa Baraza hukaa kila robo na ni wa wazi. Mwananchi ana haki ya kukaa nyuma na kusikiliza. Huko chini, Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani mwenyewe, na ndiyo inayojua kama lori lilikuja kweli.

Diwani akitaka kuuliza swali moja lenye meno, aulize hili: mhandisi amefika mara ngapi, na amesaini nini kabla zege halijamwagwa? Kitabu cha eneo la ujenzi kiletwe. Kama hakina maandishi ya mhandisi kwenye msingi, jamvi (sakafu ya zege), lenta na kenchi (fremu za paa), hakuna taarifa ya maneno itakayoziba pengo hilo.

Kati ya njia hizi mbili

Zipo njia za kati, na nadhani miji midogo inazitumia kidogo mno. Ya kwanza ni ushindani wa bei kwa kazi ndogo, ambapo makandarasi wa madaraja ya chini hualikwa walete bei kwa muda mfupi kuliko zabuni kamili. Mkandarasi anabaki na dhamana ya kazi, na haraka inapatikana. Ya pili ni asilimia 30 ya zabuni ambayo taasisi za umma zinatakiwa kuitengea makundi maalum, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana waliotoka chuo cha ufundi cha VETA kinaweza kupewa utengenezaji wa madawati, milango na madirisha ya madarasa yale yale, kwa mkataba wa kweli. Nimeona halmashauri zikiagiza madawati mbali huku useremala wa mjini kwao ukikosa kazi, na hilo linaniuma.

Ya tatu ni kununua kwa pamoja. Kama shule sita zinajenga mwezi mmoja, saruji na bati za shule zote zinaweza kushindanishwa mara moja makao makuu, kisha kila shule ipokee mgao wake. Bei hushuka. Hatari yake ni kwamba shule inageuka mtu wa kusubiri: fundi yupo, saruji ipo mjini, kibali kipo kwenye faili. Kwa uzoefu wangu njia hii inafaa kwa bati, nondo na saruji tu, vitu ambavyo ubora wake unataka jicho la mhandisi na bei yake inashuka kwa wingi. Mchanga, kokoto na mbao za kupimia viachiwe shule.

Mchague ipi

Darasa lisilo la ghorofa, moja hadi manne, matundu ya vyoo, au nyumba ya mwalimu katika kata iliyo mbali, ambako mhandisi au fundi sanifu anaweza kufika angalau katika zile hatua nne za msingi, jamvi, lenta na kenchi: nendeni kwa fosi akaunti. Hakuna mkandarasi atakayewafikia kwa bei hiyo, na fedha ya ufundi itabaki kwenye mifuko ya watu wa hapo.

Kazi hiyo hiyo, lakini mhandisi mmoja ana miradi ishirini kwa wakati mmoja: punguzeni miradi ya fosi akaunti mpaka idadi aliyo na uwezo wa kuikagua, na iliyobaki itafutieni wakandarasi wadogo kwa ushindani wa bei. Hapa ndipo halmashauri nyingi hukosea. Hujaza fosi akaunti kila mahali kwa sababu kila mradi mmoja mmoja unaonekana mdogo, bila kujumlisha kwamba macho ya kuisimamia ni mawili tu.

Jengo la ghorofa, soko, stendi, machinjio, jengo la upasuaji, kitu chochote chenye nguzo na mihimili inayobeba watu juu ya watu wengine: mkandarasi, bila kujadiliana. Najua hospitali 67 za halmashauri zilizotengewa shilingi bilioni 1.5 kila moja mwaka wa fedha 2018/19 zilijengwa sana kwa fosi akaunti, na wagonjwa wanatibiwa humo. Majengo yale yalikuwa ya chini, yaliletewa uangalizi mkubwa wa kitaifa, na wakuu wa mikoa na wilaya waliyafuatilia kwa karibu. Halmashauri yenu mwaka huu haitapata uangalizi huo kwa soko lake. Barabara na madaraja yana TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo hayamo kwenye uchaguzi huu.

Ukarabati wa wodi au madarasa yanayoendelea kutumika unafaa fosi akaunti, kwa sababu kazi inasimama na kuendelea kulingana na mitihani au wagonjwa, na mkandarasi angedai fidia kwa kila siku aliyosimamishwa.

Na mkishachagua fosi akaunti, kuna jambo moja ambalo sisi tulilianza baada ya zile bati. Mkataba wa fundi uandikwe kwa hatua: msingi, boma hadi lenta, kupaua, lipu na umaliziaji. Katika kila hatua sehemu ndogo ya ujira wake ibaki kwenye akaunti ya shule, na alipwe yote kwa pamoja baada ya masika ya kwanza kupita juu ya jengo. Fundi wetu alilalamika mwanzoni. Mvua zilipokuja alirudi mwenyewe, bila kuitwa, akapanda juu ya paa na kopo la lami kuangalia kama kuna mahali panapovuja.